Reli ya Chini ya Mtutu

Ambilikile alitandaza kitambaa cha kijani juu ya kaunta
kama anayeandalia wageni,
akaweka bastola mbili.
Nje ilinyesha ile mvua ya Mbeya isiyoomba radhi,
na buti zangu zilikuwa bado na unga wa mbao wa Makambako.

"Hii ni ya kawaida," akasema. "Na hii ina reli."

Nikacheka. Reli?
Mimi ni mtoto wa gengi namba kumi na nne.
Baba alitembea juu ya mataruma miaka ishirini na sita,
nyundo ya mpini mrefu mkononi, akigonga chuma, akitega sikio:
chuma kizima huitikia,
chenye ufa hukohoa.
Reli ninayoijua mimi inakwenda mpaka Kapiri,
inabeba shaba, mahindi, na wajomba wasiorudi.

Hii ilikuwa na urefu wa kidole.
Mifereji mitatu imechongwa chini ya mtutu,
safi kama meno ya kitana kipya.
"Hapa unapachika taa," akasema,
"au ile nukta nyekundu, ni mfuko wako tu.
Mama Twilumba, usiku wako utakuwa mchana."
Akapachika. Klik.
Akazima balbu ya duka, akamulika ukuta:
kalenda ya mwaka juzi, mjusi, msumari usiotundikwa kitu.
Vyote vikabana pumzi.

Nilizunguka miezi saba kutafuta haki ya kusimama pale.
Mtendaji wa kata aliniuliza kama nina hasira za karibu.
Kamati ikauliza nani atarithi funguo.
Polisi wakachukua alama za vidole vyangu vyote,
tisa na nusu,
ile nusu nyingine uliila msumeno.
Hakuna aliyeniuliza habari za taa.

Maana wale wanne walikuja usiku usio na umeme.
Walijua droo. Walijua jina langu la nyumbani.
Nilichokiona ni giza linalohema
lenye harufu ya ulanzi uliolala.
Walichukua milioni nne na redio ya marehemu.
Tangu hapo nalala ubavu mmoja, sikio juu,
kama baba.

Nikaishika ile ya reli. Nzito mbele,
kama ng'ombe anayeinamia maji.
Nikageuka nayo, nikamulika mlango,
na mlangoni alikuwa ameingia kijana wa chai,
birika mkono mmoja, vikombe vitatu vikining'inia vidoleni,
uso umemezwa na mwanga, macho ameyafumba.
Ndipo nikaona mkono wangu uko wapi.

"Haina risasi," Ambilikile akawahi kusema.
Najua haina.
Lakini ili nimwone, nilikuwa nimekwisha kumlenga.
Mwanga na mtutu wamepanda behewa moja,
kituo cha mmoja ni kituo cha mwenzake.

Nikawafikiria wanaonijia gizani:
Mlelwa mlinzi, kibofu kinamwamsha mara tatu;
mjukuu wangu Sekela, anayetafuta maji huku amelala;
dereva wa fuso aliyekwama, anabisha kuomba kamba.
Ni wengi kuliko wale wanne.

"Nipe ya kawaida."
"Mama, ukiongeza kidogo tu..."
"Na tochi. Ya mkononi. Ile kubwa."

Kijana akamimina chai.
Mkono wake ulitulia kuliko wangu.

Sasa ni Julai, upepo unapekua mabati.
Bastola imo ndani ya sanduku la chuma, baridi kama chura,
na sijui hata leo kama nilichagua vema.
Wale wanne hawajakamatwa.
Mbwa akibweka natoka, mkono wa kushoto mbele.

Jana mwanga ulimkuta Mlelwa nyuma ya rundo la mbao,
amechuchumaa, anachoma viazi kwa maranda yangu
ndani ya debe lililotobolewa.
Akakinga macho kwa kiganja.
"Shusha taa, mama," akasema, "na mimi nikuone."

Nikashusha.
Akanipa kimoja, bado kina majivu.